Muungano wa Wanavijiji

Muungano wa Wanavijiji ni shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda nchini Kenya. Lilianzishwa mwaka 1996 jijini Nairobi ili kupinga ubomoaji wa makazi na unyakuzi wa ardhi ya umma. Baadaye lilianza pia kudai wakazi washirikishwe katika mipango ya nyumba, maji, usafi na barabara. Ni mwanachama wa mtandao wa kimataifa wa Slum Dwellers International (SDI).

Jina lisimpotoshe msomaji: wanachama si watu wa mashambani. Jijini Nairobi sehemu za mtaa wa mabanda huitwa "vijiji".

== Chanzo ==
Miaka ya 1990 ilikuwa ya bomoabomoa. Mwaka 1990 mitaa ya Muoroto na Kibagare ilibomolewa, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Wakati huohuo viwanja vya umma viligawiwa watu wenye ushawishi wa kisiasa, hata pale palipokuwa na wakazi tayari. Viongozi wa vijiji mbalimbali waliokuwa wakipambana kila mmoja kwao wakaungana. Mwanzoni silaha zao zilikuwa maandamano na kesi mahakamani. Tangu mwaka 2000 waliungwa mkono na shirika la Pamoja Trust, na vikundi vya akiba vikaenea: wanachama huweka fedha kidogokidogo, hukopeshana na huchagua viongozi wao wenyewe.

== Kuhesabu watu ==
Mbinu inayojulikana zaidi ya Muungano ni sensa inayofanywa na wakazi wenyewe. Kila banda hupewa namba, kila kaya huandikwa, kisha orodha hubandikwa hadharani ili majirani wasahihishe makosa. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini mtu asiye kwenye orodha hana haki ya kudai nyumba mradi unapofika.

Hapo ndipo mvutano mkubwa huzuka. Katika mitaa mingi ya Nairobi wakazi wengi ni wapangaji, na wenye mabanda mara nyingi huishi kwingine. Mwenye mabanda kumi hapendi kuhesabiwa sawa na mpangaji wake. Huko Kambi Moto, katika mtaa wa Huruma, pande hizo mbili zilikubaliana baada ya mazungumzo marefu kwamba kila mmoja apate nyumba moja tu. Ujenzi ulianza mwaka 2003 kwa makubaliano na Halmashauri ya Jiji. Msingi wa kila nyumba ulikuwa wa takriban mita 4.5 kwa 4.5, chini ya viwango vya kawaida vya jiji, lakini uliwezesha familia kubaki palepale.

== Kando ya reli ==
Mwaka 2004 Shirika la Reli la Kenya lilitoa notisi ya siku 30 kwa watu walioishi na kufanya biashara kando ya njia ya reli huko Kibera na Mukuru. Muungano na washirika wake walipendekeza njia nyingine. Maofisa wa reli walisafiri pamoja na wakazi hadi Mumbai, Uhindi, kuona jinsi familia za kando ya reli zilivyohamishwa huko kwa kushirikishwa. Matokeo yalikuwa mpango wa uhamisho uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Ulichukua miaka mingi, lakini nyumba na vibanda vya biashara vilijengwa karibu na pale watu walipokuwa.

== Mukuru ==
Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani ziko katika eneo la viwanda la Nairobi na zina kaya takriban 100,000. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iligawiwa watu binafsi na kampuni. Utafiti uliofanywa pamoja na vyuo vikuu ulionyesha kwamba wakazi hulipia maji bei ya juu kuliko watu wa mitaa ya kitajiri, tena kwa huduma mbovu zaidi.

Agosti 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji. Ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka miwili ili mpango uandaliwe. Zaidi ya mashirika 40 yalishiriki, na wakazi waliwakilishwa kuanzia ngazi ya kaya kumikumi. Swali gumu lilikuwa upana wa barabara: viwango vya kawaida vingewaondoa watu wengi mno, hivyo vililegezwa. Kuanzia mwaka 2020 barabara, mabomba ya maji na mifereji ya majitaka vilianza kujengwa.

Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2021 maelfu ya nyumba za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara, na baadhi ya wakazi wakajenga mahema juu ya vifusi.