Dizeli Ilivyoihama Noah

Abiria apandaye Noah mjini Moshi kwenda Marangu, akabanwa kitini pamoja na wenziwe na mizigo yao, ni nadra kujiuliza gari lile linakunywa mafuta gani, na ni nadra zaidi kudhani kwamba shauri hilo lilikatwa mjini Tokyo zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na watu ambao hawakuwa na habari ya mlima anaoupanda.

Noah ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 1996, nayo ni ya nasaba ya LiteAce na TownAce, magari madogo ya abiria na mizigo yaliyoanza katika miaka ya 1970. Injini yake ilikaa chini ya viti vya mbele, nguvu zikapelekwa magurudumu ya nyuma, na mnunuzi wa Kijapani akapewa hiari ya injini mbili: ya petroli ya lita 2.0, ambayo mafundi huiita 3S, na ya dizeli yenye turbo, ya lita 2.2, iitwayo 3C. Injini ya petroli huvuta hewa iliyokwisha kuchanganyika na mafuta, ikaishindilia mara tisa au kumi, kisha plagi ikaiwasha kwa cheche. Ya dizeli haina cheche. Huvuta hewa tupu, ikaishindilia mara ishirini na zaidi hata ikawa moto mkali, na hapo pampu na nozeli zikamwaga mafuta ndani yake, yakawaka yenyewe. Kwa sababu ya mshindilio huo mkubwa, dizeli hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila lita, na nguvu zake huja mapema, injini ingali inazunguka taratibu; nazo ndizo sifa hasa zimfaazo mwenye gari dogo lililojaa watu. Ilhali malipo yake ni chuma kizito, pampu ya thamani kubwa, kelele na moshi.

Kodi nayo iliipendelea dizeli. Katika Japani ya miaka ya 1990 lita moja ya petroli ilitozwa yeni 53.8, na ya dizeli yeni 32.1, kwa kuwapendelea wenye malori. Na maadamu pampu haimbagui mwenye lori na baba wa familia, watu wengi wenye watoto na wazazi wa kuchukua walinunua magari ya familia ya dizeli kama Delica, Serena, Bongo Friendee na Noah.

Mwaka 1999 akachaguliwa Ishihara Shintaro kuwa gavana wa Tokyo, na mwaka huo huo akatangaza vita juu ya dizeli, akiwaonyesha waandishi wa habari chupa ya plastiki yenye masizi yatokayo katika moshi wake. Hakuwa peke yake. Januari 2000 mahakama ya Kobe iliwapa haki wagonjwa wa Amagasaki, watu waliokaa kandokando ya barabara kuu na kuharibiwa vifua na hewa yake. Mwaka 2001 likafuata agizo la sheria ya taifa, ambalo kwalo magari ya dizeli yasiyotimiza masharti mapya, yakiwemo ya familia, yalizuiliwa kuendelea kuandikishwa katika Tokyo, Osaka, Nagoya na maeneo ya jirani baada ya muda uliowekwa. Novemba ya mwaka huo ikazaliwa Noah ya pili, iliyovutwa kwa magurudumu ya mbele, na injini ya dizeli haikuwemo tena.

La ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo Ulaya ilishika njia ya kinyume. Huko wakuu walihesabu zaidi hewa ya ukaa kuliko masizi, na katika hisabu hiyo dizeli ilionekana njema. Kisha mwaka 1997 Alfa Romeo ikatoa gari la kwanza la abiria lenye dizeli ya mfereji mmoja wa shinikizo kubwa unaolisha nozeli zote, ufundi uliopunguza kelele na ulafi, na mwaka uliofuata Fiat Multipla, gari dogo la watu sita, likaupata. Kufikia 2012 karibu robo tatu ya magari mapya ya Ufaransa yalikuwa ya dizeli. Ilipofika Septemba 2015 ikafichuka kwamba Volkswagen ilitia katika magari milioni 11 hila ya kudanganya vipimo vya moshi, na Ulaya nayo ikaanza kugeuka. Tabia ya dizeli ilikuwa ile ile Tokyo na Paris. Kilichotofautiana ni madhara yapi serikali ilikubali kuyahesabu.

Mimi nasadiki kwamba Wajapani walifanya haki, kwani pumzi ya mtoto akaaye kando ya barabara ni bora kuliko faida ya mwenye gari. Lakini naona uchungu kwamba dereva wa Moshi, alipiaye petroli ya kupandia mlima na abiria tele, hakuulizwa na yeyote. Sisi hupokea magari yaliyokwisha kutumika, na pamoja nayo hupokea hukumu za wenzetu. Shauri moja tumelikata wenyewe, nalo halijasifiwa kadiri ya stahili yake: mwanzoni mwa 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, na bila ya usafi huo hakuna kichujio cha masizi kinachoweza kudumu.

Japani kwenyewe dizeli ilirudi kwa Delica mwaka 2013, ikiwa safi na ghali, na kwa HiAce haikuondoka kabisa. Kwa Noah haikurudi. Ile ya mwaka 2022 hutoka na petroli, au petroli ikisaidiwa na umeme, nazo ndizo zitakazoshushwa bandarini Dar es Salaam zikiisha kuchakaa huko.