Herufi Isiyosikika

Mpwa wangu ana miaka minne na anaishi Bangkok, ambako dada yangu anafundisha Kiingereza. Kiswahili chake ni cha salamu tu. Akicheka au akigombana na wanasesere wake, ni Kithai. Kwa hivyo nilipoanza kujifunza Kithai kwa simu, lengo langu lilikuwa dogo: nimwambie kwa sauti yangu kwamba mimi ni mjomba wake. Kithai kina neno la ndugu mdogo wa mama, náa. Nikarekodi, nikatuma. Mtoto akaangua kicheko.

"Umemwambia wewe ni shamba la mpunga," dada akanieleza.

Kumbe naa ya sauti ya kati ni shamba la mpunga. Sauti ikiwa juu, ni mimi. Ikishuka, ni uso. Ikianzia chini ikapanda, ni unene wa kitu, kama wa kitabu.

Toni zenyewe hazikunitisha. Nyumbani tunaongea Kikuyu, nacho kina toni, ila hatuziandiki. Tulizipata mgongoni mwa mama. Kilichonishinda ni herufi. Konsonanti 44, na sauti zake ni kama 21 tu! Mbili kati yake hazitumiki tena. Zimegawanywa makundi matatu, la kati, la juu na la chini, na kundi la herufi husaidia kuamua toni ya neno. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo sina mhadhiri wa kumuuliza: jamani, mateso haya ni ya nini?

Jibu nililipata kwenye historia. Kuna jiwe maarufu la Sukhothai, la mwaka 1292, linalosema kwamba Mfalme Ramkhamhaeng ndiye aliyeanzisha maandishi haya mwaka 1283. Wapo wasomi wanaotilia shaka umri wa jiwe hilo. Lakini maandishi yenyewe yalitokana na yale ya Kikhmer, na zamani hizo herufi nyingi ambazo leo zinafanana kwa sauti zilitamkwa tofauti. Chukua ค, ambayo watoto huijua kama kh ya khwai, yaani nyati. Hiyo ilikuwa g. Neno la Kisanskriti guru, ambalo hata sisi tunalijua, liliingia Kithai kwa herufi hiyo. Leo linatamkwa khruu, na maana yake ni mwalimu.

Karne zilivyopita, g ikaacha kutetema kooni, ikawa kh sawa na ile ya khai, yai, inayoandikwa ข. Maneno mengi yangegongana hapo. Hayakugongana, kwa sababu tofauti ilihamia kwenye toni: yaliyokuwa na g yakashika njia yake, yaliyokuwa na kh yakashika nyingine. Na n vilevile. Palikuwa na n ya kawaida na n iliyotanguliwa na pumzi, hn. Pumzi ile ilikufa, toni ikabaki.

Hebu tazama: น้า ni mjomba, หน้า ni uso. Alama ya juu ni ileile. Kilichoongezeka ni ห pale mwanzoni, ambayo siku hizi haitamkwi kabisa. Lakini ukiitoa, uso unageuka mjomba.

Mwaka 1942 serikali ya Phibun Songkhram iliamua kurahisisha maandishi, ikafuta konsonanti 13, nyingi zikiwa za maneno ya Kipali na Kisanskriti. Mwaka 1944 Phibun alitoka madarakani na herufi zikarudishwa. Wiki yangu ya kwanza ningempigia Phibun makofi. Sasa hivi sina hakika. Herufi ambayo mimi naiona mzigo, pengine ndiyo pekee inayokumbuka neno lilitoka wapi.

Jana usiku nilirekodi tena, mara kumi na moja, hadi jirani akagonga ukuta. Nikatuma. Safari hii hakucheka. Alinijibu maneno mawili tu: "Náa, maa."

Nikairudia sauti yake kwa makini kabla ya kufurahi, maana maa ikipanda ni mbwa. Haikupanda. Ilikuwa ya kati, tambarare kabisa. Maana yake ni njoo.