Jina Lililofutwa kwenye Picha

Msomaji, hebu tuulizane: nani aliyetangulia kuipiga picha Makka? Wengi mtanijibu, si Mzungu fulani tu! Hasha. Ni Muhammad Sadiq Bey, mhandisi, ofisa wa jeshi la Misri. Madina aliipiga picha mwaka 1861. Makka akaifikia na kamera yake mwaka 1880, akiwa mtunza hazina wa msafara wa mahujaji wa Misri. Na kazi yenyewe haikuwa mchezo, bwana. Zama zile picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na sharti uimalize kabla dawa haijakauka. Sasa fikiria jua la Hijazi! Mwaka 1881 alitunzwa medali ya dhahabu kule Venice.

Huyo angalau alitambuliwa. Ninayemlilia mimi ni mwingine.

Mwaka 1885 msomi wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje, aliingia Makka. Alikuwa amesilimu (kama ni kwa moyo au kwa ulimi, watu wanabishana mpaka leo) na akajiita Abd al-Ghaffar. Mjini akafahamiana na tabibu mmoja, naye kumbe ni Abd al-Ghaffar vilevile, Sayyid Abd al-Ghaffar. Akamfundisha kupiga picha. Haukupita muda, mwezi Agosti mwaka huohuo, wakuu wa Kituruki wakamfukuza Mholanzi. Tabibu akabaki, akaendelea kupiga picha na kumpelekea: msikiti mtukufu, mahujaji, wakubwa wa mji. Kwenye baadhi ya picha alitia jina lake kwa Kiarabu, kwamba hii ni kazi ya Sayyid Abd al-Ghaffar, tabibu wa Makka.

Mwaka 1889 picha zikatoka kitabuni, mjini Leiden. Mwenye kitabu? Snouck Hurgronje. Na ule mwandiko wa tabibu? Umefutwa! Humo ndani hakutajwa hata kwa jina.

Atatokea wa kusema eti Mholanzi alikuwa akimkinga rafiki yake asipate matata na serikali. Labda. Lakini mtu aliyeandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe alikuwa anajificha nini?

Sisi tunaohangaika na miswada tunaujua uchungu huu. Mimi niliwahi kuiona hadithi yangu imebandikwa ukutani, chini yake jina la mtu mwingine. Usiku ule usingizi sikuuona.

Katika albamu ya Snouck iliyotangulia, ya mwaka 1888, imo picha ya mahujaji kutoka Zanzibar. Watu wa kwetu kabisa! Maelezo yanataja walikotoka, basi. Wale hawakupata hata nafasi ya kuandika chochote pembeni.

Picha za tabibu zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Leiden, na kwenye baadhi yake jina bado linasomeka, kwa Kiarabu, palepale alipoliandika.