Nambari Usoni mwa Kitasa

Ufunguo wa gari la zamani ukipotea, mwenye gari huhuzunika kana kwamba amepoteza kitu kisicho na pacha duniani. Kwa magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960, kama Morris Minor, Mini na MGB, huzuni hiyo imepita kiasi. Ufunguo ule ulikuwa nakala tu. Asili yake ni nambari, na mara nyingi nambari hiyo ingali palepale, imegongwa usoni mwa swichi ya kuwashia gari. Mfululizo mmoja uliotumika sana ni ule wa FS, ulioanzia 876 na kuishia 955. Fundi mwenye jedwali lake hana haja ya kuuona ufunguo uliopotea: husoma nambari, huchukua ufunguo usiochongwa, na kulikata kila jino kwa kina kilichoandikwa. Wapo wanaoiona nambari hiyo kuwa uzembe wa viwanda. Mimi naona ndiyo iliyoyanusuru magari haya, na lawama inayobebeshwa kuhusu wizi haina ushahidi wa kutosha.

Kuandika ufunguo kwa nambari kuliwezekana baada ya Linus Yale Mdogo wa Marekani kupata hataza zake za miaka ya 1861 na 1865, zilizotuletea silinda ya vijiti na ufunguo mwembamba bapa. Kabla ya hapo ufunguo ulikuwa kazi ya tupa na jicho la fundi, na siri yake iliishi katika umbo zima la chuma. Ufunguo bapa uliigeuza siri hiyo kuwa hesabu: jino la kwanza kina hiki, la pili kina kile. Hesabu huweza kutumwa kwa barua. Watengenezaji wa magari waliitumia fursa hiyo kwa ubahili wa kushangaza. Ford Model T zilipoanza kutoka na kiwasho cha umeme mwaka 1919, funguo zake zilikuwa za aina 24 tu, nambari 51 hadi 74, ilhali katika miaka iliyofuata kiwanda kilifikia kutoa magari zaidi ya milioni 1 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: kila aina ya ufunguo iliweza kuwasha makumi ya maelfu ya magari. Waingereza waliongeza aina, lakini si kwa ukarimu. Safu ya FS kutoka 876 hadi 955 ina funguo 80, kwa hiyo magari 81 ya safu hiyo yakiegeshwa uwanja mmoja, lazima angalau mawili yawe na ufunguo mmoja.

Hapo ndipo pingamizi linapoingia, nalo ni zito. Kitasa kinachojitangaza nambari yake, tena katika safu fupi kiasi hicho, kinamwita mwizi. Nakubali nusu ya hoja hii: aliyetaka kufungua mlango na kuchukua koti lililoachwa kitini, pete moja ya funguo 80 ingemtosha. Lakini wizi wa gari lenyewe una ushahidi wake. Ujerumani Magharibi, mapema miaka ya 1960, iliamuru kitasa cha kufunga usukani kiwekwe katika magari yote, mapya na ya zamani, na wizi wa magari ukashuka. Uingereza ilianza mwaka 1971 kwa magari mapya peke yake. Hayo yakaibwa kwa nadra zaidi, huku wezi wakiyageukia yale ya zamani. Tuufikirie ushahidi huo vizuri. Kitasa cha usukani hakimzuii mwenye ufunguo sahihi, maana ufunguo uleule unaowasha injini ndio unaoulegeza usukani. Kinamzuia anayeunganisha nyaya chini ya dashibodi. Ikiwa kitasa hicho kilipunguza wizi, basi wengi wa wezi waliokuwepo walikuwa watu wa nyaya, na nambari usoni mwa swichi haikuwahusu.

Pingamizi la pili hutoka kwa mafundi wenyewe: kwa nini kuhangaika na majedwali, ilhali mashine hunakili ufunguo wowote kwa dakika chache? Kwa sababu mashine hunakili na uchakavu. Ndani ya kitasa cha gari kuna vibamba vyembamba vya shaba vinavyosukumwa na springi, na kila siku ya kazi ufunguo na vibamba hulana. Ufunguo wa miaka 60 umelika meno. Nakala yake huzaliwa mzee, na nakala ya nakala huongezewa kosa la mashine, hadi siku kitasa kinapogoma. Kukata kwa nambari kunaurudisha ufunguo katika vipimo vyake vya kiwandani. Ni kweli kwamba swichi nyingi zimebadilishwa njiani, hivyo nambari ya mlango na ya swichi hazipatani tena, na nyingine zimefutika kwa kutu. Hapo fundi stadi hukifungua kitasa na kuvisoma vibamba kimoja kimoja, akaipata nambari kwa mlango wa nyuma.

Magari mapya yaliyouzwa Ulaya tangu 1998 yalilazimishwa na sheria kuwa na kizuizi cha kielektroniki, na kwa kawaida ufunguo wake hubeba chipu inayopaswa kutambuliwa na kompyuta ya gari. Wizi wa nyaya ulipata pigo la haki. Ila meno ya chuma hayatoshi tena kuliwasha gari. Inahitajika pia programu ambayo mara nyingi mtengenezaji ndiye mwenye amri juu yake, na kampuni ya leo inaweza isiwepo miaka 50 ijayo. Morris Minor haina shaka hiyo. Walioitengeneza wameshafunga viwanda vyao, na fundi bado anaisoma FS, anakata, kisha anaugonga ufunguo mpya nambari ileile ya zamani.