Magofu ya Kua na Ghuba ya Chole: Urithi wa Vita Ndani ya Hifadhi Yetu



Kila mwaka kijitabu hiki hutuletea habari za madarasa, zahanati na visima. Mwaka huu tunaomba ukurasa mmoja tuzungumzie mali nyingine. Mali hiyo hatukuijenga sisi, lakini bila sisi haitadumu. Ni magofu yaliyomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania. Ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 822, na ndani yake wamo ndugu zetu wa Utende, Chole, Juani na Jibondo. Wageni huja kuzamia kwenye matumbawe ya Ghuba ya Chole, kuwatazama popo wakubwa wa Chole, na kushuhudia vitoto vya kasa vikitoka mchangani Juani na kukimbilia majini. Kuanzia Oktoba hadi Machi huenda pia upande wa Kilindoni kuogelea karibu na papa potwe. Wengi hurudi makwao wakiwa na picha nzuri za samaki, bila kujua kwamba wamepita kando ya mji uliokufa kwa vita.

Mji huo ni Kua, upande wa magharibi wa kisiwa cha Juani. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mpaka leo zinaonekana kuta za jumba la watawala, misikiti na makaburi, na mizizi ya miti imezikumbatia kuta hizo. Jirani yake mkubwa alikuwa Kisimani Mafia, katika ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa, mahali ambapo bahari imekuwa ikimega ardhi na kuchukua mabaki ya mji.

Wazee wetu wamesimulia kisa cha miji hiyo miwili, na wengi wetu tulikisikia tukiwa wadogo. Watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua siku ya kulishusha majini. Badala ya magogo, wakawalaza watoto wa Kua chini ya jahazi na kulipitisha juu yao. Watu wa Kua hawakupiga kelele. Walingoja miaka, hata wenzao wakadhani yamesahaulika, ndipo wakawaalika Kisimani kwenye harusi. Wageni walipokwisha kuingia chumbani, mlango ukajengwa kwa mawe, na hakutoka mtu.

Kama kila neno la kisa hiki lilitokea hivyo, hilo ni la watafiti. Kilicho wazi ni somo ambalo wazee walitaka tulibebe. Waliouana katika kisa hiki hawakutoka ng'ambo. Walikuwa watu wa visiwa hivi hivi, wa lugha moja na kibla kimoja.

Maadui wa ng'ambo nao walikuja. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava kutoka Madagaska walivuka bahari kwa mitumbwi, wakaivamia Kua, wakaua na kuchukua mateka. Mji ukahamwa, haukuinuka tena, na Chole ikashika nafasi yake kama mji mkuu wa Mafia. Wajerumani walipoichukua Mafia, nao waliweka makao yao Chole, na magofu ya majengo yao yapo hadi leo. Mwaka 1913 walihamia Kilindoni, ambako meli kubwa zilipata mahali pa kutia nanga.

Miaka miwili baadaye vita vikatufikia tena. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ng'ambo yetu tu. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia ili wapate kituo cha kuisaka. Walisafisha uwanja wa ndege hapa kisiwani, wakati ndege zenyewe zilikuwa bado jambo geni duniani. Wakaleta manowari mbili zenye matako mafupi, Severn na Mersey, zinazoweza kupita kwenye maji machache. Tarehe 6 Julai zilishambulia zikashindwa. Tarehe 11 Julai zilirudi, na ndege zikawa juu zikiwaelekeza wapigaji mahali risasi zinapoangukia. Siku hiyo Königsberg ikaangamia. Mizinga yake 10 iliopolewa ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

Wakubwa wa vita hivyo wameandikwa vitabuni kwa majina yao. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya majeshi na kufa kwa maelfu hawakuandikwa. Sisi tulioko Dar es Salaam tunapita Kariakoo kila siku, na jina hilo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi hao.

Ndugu, kuta za Kua hazitatungoja. Kila masika mvua hulainisha chokaa, na kila mwaka mizizi husukuma mawe. Wazee wanaojua lipi lilikuwa kaburi la nani wanapungua.

Kwa hiyo sehemu ya michango ya mwaka huu tunaomba ielekezwe kwenye mambo matatu: kuwarekodi wazee wa Juani, Chole na Jibondo, kuweka vibao vya maelezo kwa Kiswahili, kwa idhini ya wanaosimamia malikale na hifadhi, na kuwafundisha vijana wetu kazi ya kuongoza wageni, ili fedha ya mgeni ibaki pia kijijini.

Tena ukienda likizo, wapeleke watoto. Panda boti Nyamisati hadi Kilindoni, fika Utende, uliza maji yanajaa saa ngapi, kisha vuka kwa mashua. Vaa viatu, usipande juu ya kuta, usiondoke na jiwe. Ukifika makaburini, soma Fatiha.

Kua na Kisimani walishindwa kusameheana, na leo hakuna aitwaye mtu wa Kua wala mtu wa Kisimani. Sisi bado tupo, wa visiwa vyote, na kila mmoja wetu anatakiwa kwenye mchango huu. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho.