Utambuzi wa protini za virusi zinazoshika DNA

Utambuzi wa protini za virusi zinazoshika DNA ni kazi ya maabara inayochunguza kama protini fulani ya virusi inashikamana na DNA, na mahali gani hasa. Mfano unaojulikana vizuri ni protini EBNA1 ya virusi vya Epstein-Barr, vilivyotambuliwa mwaka 1964 mjini London na Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr katika seli za saratani ya Burkitt zilizotoka Uganda. EBNA1 hushika eneo la DNA ya virusi liitwalo oriP. Isiposhika, DNA hiyo hupotea kidogokidogo kadiri seli zinavyogawanyika. Ndiyo maana watafiti wanatafuta dawa ya kuizuia.

Jaribio la jeli

Njia hii ilielezwa mwaka 1981. Kipande cha DNA hutiwa alama, kwa mfano fosforasi-32 yenye mnururisho, huchanganywa na protini, kisha hupitishwa kwenye jeli kwa umeme. DNA ina chaji hasi, hivyo huelekea ncha chanya. Ile iliyoshikwa na protini huchelewa, kama mtu aliyebeba gunia, na mstari wake hubaki nyuma ya ule wa DNA tupu.

Mstari uliochelewa peke yake si ushahidi wa kutosha. Protini nyingi hushika DNA yoyote kwa sababu ya chaji tu, tena kimiminika kilichotolewa kwenye seli kina protini za binadamu pia. Kwa hiyo huongezwa DNA isiyo na alama kwa wingi. Ile yenye mfuatano uleule ikiufuta mstari, na ya mfuatano mwingine isiufute, ushikaji ni mahususi. Kisha hutiwa kingamwili dhidi ya EBNA1: mstari ukizidi kuchelewa, mshikaji ni EBNA1 kweli. Anayesoma picha ya jeli aanze na safu hizi za ulinganisho.

Njia nyingine

Kujua mahali penyewe, DNA hukatwakatwa kwa kimeng'enya DNase I. Sehemu iliyofunikwa na protini haikatwi, na kwenye jeli huonekana pengo. Kwa njia hii ilionekana mwaka 1985 kwamba EBNA1 hushika makundi ya marudio ndani ya oriP. Moja lina marudio 20.

Hayo yote hufanyika ndani ya mirija. Kwa seli hai hutumika formaldehidi, inayogandisha protini na DNA pamoja. Kingamwili huivua EBNA1, na DNA iliyonaswa nayo husomwa kwa PCR.