KISAFIRISHA MKONDO: Mbinu ya kukuza ishara bila kupoteza kasi

ISHARA ya umeme inayotoka kwenye maikrofoni au antena ya redio huwa hafifu mno. Ni sharti ikuzwe na amplifaya ndipo ifae kutumika.

Amplifaya iliyoenea zaidi ni opampu, ambayo hubeba ishara kwa volteji. Mfano maarufu ni µA741, iliyotolewa na kampuni ya Fairchild ya Marekani mnamo 1968.

Hata hivyo, opampu ya aina hiyo ina kasoro: kadiri inavyokuza zaidi ndivyo kasi inavyopungua. Ikiwa hufikia megahezi 1 bila kukuza, itakomea kilohezi 100 ikikuza mara 10.

Mwaka uo huo wa 1968, Kenneth C. Smith na mwanafunzi wake Adel Sedra, mzaliwa wa Misri, walipendekeza njia tofauti katika Chuo Kikuu cha Toronto, Canada: ishara ibebwe na mkondo wa umeme. Kisafirisha mkondo chao kilipata toleo la pili mnamo 1970, na ndilo linalotumika zaidi.

Toleo hilo lina miguu mitatu. Mguu Y hupokea volteji bila kuvuta mkondo. Mguu X huiga volteji ya Y. Nao mkondo unaopita X hutokea kwa kiwango kile kile kwenye mguu Z.

Tuseme X imeunganishwa na ardhi kwa rezista ya ohmu 1,000, na Z kwa rezista ya ohmu 10,000. Volti 0.1 zikiingia Y, miliampia 0.1 hupita X na kutokea Z, na kuzaa volti 1. Ishara imekuzwa mara 10.

Ukitaka kukuza zaidi, unapunguza rezista ya X pekee. Ile ya Z, ambayo kwa kiasi kikubwa ndiyo huamua kasi, haiguswi.

Kilichochelewesha wazo hili ni transista. Saketi yake huhitaji aina mbili, NPN na PNP, na viwanda vya wakati huo havikuweza kuunda PNP zenye kasi katika chipu moja na NPN. Tatizo hilo lilipotatuliwa, Analog Devices iliunda AD844, inayofikia megahezi 60.

Hata hivyo, X ya AD844 ina ukinzani wa takriban ohmu 50, unaopotosha hesabu rezista ya nje inapokuwa ndogo. Kwa hivyo, panapohitajika usahihi mkubwa, opampu ingali chaguo bora. Panapohitajika kasi, kisafirisha mkondo hufaa.